Tusimsingizie Mungu

Mdogo wangu alizama usiku wa mwezi giza, Machi 1999, akiwa kwenye mtumbwi wa dagaa. Walitoka wanne, wakarudi wawili. Mtumbwi ule ulikuwa unavuja wiki nzima. Pamba iliyozibia mbao za chini ilikuwa imetoka, na usiku kucha kijana mmoja kazi yake ilikuwa kuchota maji kwa dumu lililokatwa, wenzake wakivuta nyavu chini ya karabai. Mwenye chombo alikuwa ameambiwa. Alijibu kwamba chombo kitapandishwa nchi kavu mwezi utakapokuwa mkubwa, wakati dagaa hawavuliki. Kwa sasa ni giza, na giza ndiyo pesa. Usiku ule upepo ulivuma, maji yakalishinda dumu.

Tulimpata siku ya tatu, kwenye matete. Msibani mwenye chombo aliketi mstari wa mbele. Alileta gunia la mchele na rambirambi ya kutosha, akalia machozi ya kweli, nami sijawahi kuyatilia shaka machozi yale. Kisha mhubiri akasimama, akasema neno ambalo kila Mtanzania amelisikia makaburini: kazi ya Mungu haina makosa. Tukaitikia amina. Mimi ndiye niliyeongoza kwaya siku hiyo, na amina ilipoisha nikatoa sauti ya kwanza ya wimbo. Sikumuuliza mtu kitu, wala sikumuuliza Mungu. Nilidhani kunyamaza ndiyo imani yenyewe.

Miaka 13 ilipita kabla sijaambiwa vingine, na aliyeniambia hakuwa mchungaji wala mwalimu wa chuo cha Biblia. Ulikuwa wimbo wa rap kwenye simu ya kijana wa sauti ya besi.

Mwaka 2012 Kala Jeremiah, kijana wa hapa kwetu Mwanza ambaye watu walimwona kwanza kwenye mashindano ya Bongo Star Search, alitoa wimbo alioupa jina la Kiingereza, "Dear God". Mwanza haikuwa ngeni kwa rap. Fid Q alikuwa ameshaipa heshima miaka mingi kabla, na jina lake lilitajwa vijiweni Kirumba kama linavyotajwa jina la mchezaji wa Pamba au wa Toto Africans. Lakini sisi watu wazima tuliona ule ni muziki wa vijana, tukaupita kama tunavyopita kundi la wavulana waliokaa ukutani. Huu wa Kala haukukubali kupitwa. Niliusikia kwa muuza chipsi, nikausikia kwenye daladala ya kwenda Pasiansi, dereva akipunguza mwendo asipitwe na maneno. Mwaka uliofuata Tuzo za Muziki Tanzania, zile tulizozoea kuziita tuzo za Kili, ziliutangaza kuwa wimbo bora wa mwaka, na mwenyewe akawa msanii bora wa hip hop.

Kwa ambaye hakuusikia: ni barua. Mtu ameketi, anamwandikia Mungu, anamweleza hali ya nchi na maisha ya watu, anauliza. Hapayuki wala hajigambi, anaongea tu. Na mwaka ule nchi ilikuwa na mengi ya kuandikiwa barua. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama baharini kati ya Unguja na Pemba. Julai 2012 ikazama Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Aprili tulimzika Steven Kanumba, na Septemba mwandishi wa habari Daudi Mwangosi akauawa kijijini Nyololo, mkoani Iringa. Sisemi kwamba wimbo uliyaorodhesha haya yote. Nasema masikio tuliyousikilizia yalikuwa yamejaa haya.

Jumamosi moja kwenye mazoezi ya kwaya, yule kijana wa besi aliuweka wimbo kwenye simu, akasema, "Mwalimu, hii tukiipanga sauti nne, kanisa litalia." Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameketi nyuma akitusubiri tumalize afunge milango. Alisimama. "Chungu kinamhoji mfinyanzi?" akauliza. "Mwalimu, unaliacha hili liingie madhabahuni?" Nikamwambia kijana azime simu. Alizima bila neno, na tukaendelea na wimbo wetu wa sadaka.

Usiku sikulala. Nyumba yangu haiko mbali na viwanja vya Furahisha, ambako mikutano ya injili hupigwa wiki nzima na vipaza sauti vikasikika mpaka Kitangiri. Mwezi mwingine upepo huleta sauti za matamasha kutoka uwanja wa CCM Kirumba. Nimeishi katikati ya sauti hizo mbili maisha yangu yote ya utu uzima, na siku zote nilijua ipi ni ya Mungu na ipi ni ya dunia. Usiku ule sikujua tena. Kwa sababu kitu alichokisema mzee, chungu na mfinyanzi, kimo kwenye kitabu cha nabii Yeremia. Ndiye aliyetumwa nyumbani kwa mfinyanzi akaone udongo unavyogeuzwa. Na Yeremia huyohuyo ndiye aliyemlalamikia Mungu kuliko manabii wengine wote. Alimuuliza kwa nini waovu wanastawi. Akailaani siku aliyozaliwa. Akamwambia Mungu waziwazi kwamba amemhadaa. Aliyajua ya mfinyanzi, na bado aliuliza. Na kijana wa Mwanza aliyeandika barua ile analo jina la nabii huyo.

Niliinuka nikawasha taa, nikafungua Ayubu. Kitabu hicho nilikuwa nimekihubiri mara nyingi kama kitabu cha subira. Safari hii niliwaangalia wale rafiki watatu. Walikuja kumfariji, wakakaa naye chini siku saba bila neno, na hapo walifanya vema. Ubaya ulianza walipofungua midomo kumtetea Mungu. Walisema Mungu hakosei, kwa hiyo Ayubu lazima ana kosa. Kila walichosema kingeweza kupigiwa amina kwenye msiba wowote wa Kirumba. Ayubu ndiye aliyepiga kelele, aliyedai kesi yake isikilizwe, akawaambia wale rafiki kwamba wanamtetea Mungu kwa uongo. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia watetezi wake. Anasema hawakunena yaliyo sawa, kama alivyonena Ayubu. Nilikuwa nimeusoma mstari huo zaidi ya mara ishirini, na kila mara niliupita nikikimbilia kondoo na ngamia aliorudishiwa.

Nilikaa na mstari ule mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nilimsimulia jirani yangu, mama wa Kiislamu anayechuuza dagaa Mwaloni, tunayemwita mama mkubwa kwa heshima ya umri wake. Alikuwa anashona mdomo wa gunia. Hakushangaa hata kidogo. "Baba, kwani nyinyi hamna Mujadila?" Akanieleza. Imo sura nzima katika Kurani iliyopewa jina la mwanamke aliyebishana. Mume wake alikuwa amemtamkia kiapo cha zamani cha kumwacha, si mke tena, si huru kuolewa, naye akaenda kwa Mtume kudai haki yake, hakupata jibu alilolitaka, akaendelea kudai huku akimshtakia Mungu. Na aya zikashuka kusema Mungu ameyasikia maneno yake. "Hakuambiwa nyamaza," alisema mama mkubwa. "Aliambiwa amesikiwa." Akakata uzi kwa meno, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Najua wapo watakaosema Yeremia, Ayubu na mwanamke yule walikuwa watu wa Mungu, walizungumza faraghani, ilhali huyu ni msanii na wimbo wake ulipigwa baa. Neno "faraghani" silikubali. Maneno ya Yeremia yaliandikwa kwenye gombo, yakasomwa mbele ya watu, mfalme Yehoyakimu akayakata kipande kwa kipande na kuyatupa motoni. Asingejishughulisha kuchoma sala ya siri. Na kwetu Usukumani jambo zito halikusemwa faraghani. Bagalu na Bagika waliposhindana ngoma, ningi, yule mtunzi na kiongozi wa wachezaji, alisimama mbele ya umati akasema yaliyomchoma kila mmoja, na hata mtemi aliyasikia humo. Mashindano hayo yapo mpaka leo. Kila mwaka wakati wa sikukuu ya Ekaristi watu hujaa Bujora, pale Kisesa ambako padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, na ngoma huchezwa nje ya kanisa lenyewe. Babu yangu angemsikia Kala Jeremiah asingeuliza hii ni dini au dunia. Angeuliza ningi huyu ni wa upande gani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mtu akimwandikia Mungu barua kuhusu viongozi, halafu akaipeleka redioni, je, ni Mungu anayeambiwa au ni viongozi? Kama ni viongozi, basi jina la Mungu limetumika kama ngao. Nimelifikiria sana hili, na naona wasikilizaji wawili hawaiharibu barua. Mama anayesali kwa sauti usiku, "Ee Mungu, mguse mume wangu aache pombe," huku mume yuko chumba cha pili, hamdanganyi Mungu. Anajua nani mwingine anasikia. Sala yake ingekuwa ya uongo iwapo asingetaka mume abadilike.

Mzee wetu alikuwa pia na uchungu wa tuzo. Zile tuzo zilidhaminiwa na bia, na alisema barua ya Mungu haiwezi kupewa zawadi na pombe. Sikumjibu, kwa sababu uchungu wake ulikuwa wa haki. Ila hata fimbo ya Musa ilikuwa fimbo ya kuchungia kondoo.

Lile jina la Kiingereza pia lilinisumbua mwanzoni. Kwa nini mtoto wa Mwanza asimwite Mungu kwa Kiswahili, au amwite Liwelelo kama bibi zetu? Baadaye nilikumbuka tulivyofundishwa barua shuleni. Ya Kiingereza ilianza kwa neno hilo alilolitumia, na ya Kiswahili ilianza kwa "mpendwa". Baada ya salamu tukaandika sote, bila kuwaza: mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Niliiandika sentensi hiyo kwa mama yangu nilipokuwa bwenini, tena na tena, mpaka ikapoteza ladha. Usiku wa Ayubu ilinijia upya. Hivyo ndivyo hasa nilivyokuwa nikijisikia kwa Mungu tangu 1999. Hofu na mashaka juu yake aliye mbali na upeo wa macho yangu. Na mtu huandika barua kwa anayemwamini kuwa yupo na kwamba ataipokea. Hakuna anayemtumia barua mtu asiyekuwepo.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu hasa.

Tarehe 21 Mei 1996 Mv Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Wengi wamelala pale Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha Mv Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia kutia nanga Ukara, watu ufukweni wakitazama. Kilijengwa kwa abiria 101. Tulipoteza watu 228, wakaokolewa 41, mmoja wao fundi aliyekutwa hai ndani ya chombo siku mbili baadaye. Hesabu hizo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzitoa na kujumlisha. Na bado nilikwenda kwenye misiba ya mwaka 2018, na nilisikia tena: kazi ya Mungu haina makosa.

Kazi ipi ya Mungu? Nani alihesabu tiketi? Nani alipakia magunia?

Miezi miwili baada ya msiba ule, Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia wimbo wa Rayvanny na Diamond unaoitwa kwa jina la mji wetu, kwa sababu ya maneno yake ya aibu. Wazee wa kanisa tuliukemea wiki nzima, na ulistahili. Lakini naona uchungu kwamba siku zile tulikuwa na hasira nyingi kwa neno chafu kuliko tuliyokuwa nayo kwa kivuko kilichojazwa zaidi ya mara mbili. Wimbo tuliutafutia mwenye kosa. Kivuko tulimwachia Mungu.

Hapo ndipo wimbo wa Kala Jeremiah ulinifundisha jambo ambalo sikulipata seminari yoyote. Asiyemuuliza Mungu ndiye anayemsingizia. Ukinyamaza mbele ya jeneza na kusema ni kazi yake, umemtia Mungu hatiani kwa pamba iliyotoka kwenye mbao. Ukimuuliza, "Mungu, hili ni lako?", unaanza kutenganisha. Utakuta yapo yasiyo na jibu. Mtoto wa miezi sita aliyekufa kwa homa huku mama yake amefanya yote aliyoambiwa na daktari, hilo sijui nimpelekee nani isipokuwa Yeye, na ninampelekea. Lakini mengi zaidi utakuta yana jina la mtu, yana namba ya chombo, yana sahihi. Swali ndilo linalomsafisha Mungu jina.

Nimejiuliza kama hili lina mpaka, na ninaamini upo. Ayubu aliyeuliza aliulizwa pia. Mungu alipomjibu kutoka kwenye tufani hakutoa maelezo, alitoa maswali: ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya dunia? Anayeandika barua lazima akubali kupokea barua. Swali lililonirudia mimi halikuwa la misingi ya dunia. Lilikuwa dogo na la karibu. Wewe ulijua pamba imetoka. Mdogo wako alikuambia. Mbona ulitoa sauti ya wimbo?

Mwaka 2013, mwezi ukiwa mkubwa na mitumbwi imepandishwa, nilikwenda kwa mwenye chombo. Alikuwa amezeeka, ameacha uvuvi, amekaa kivulini akiwaangalia wanawe wakipiga kalafati. Nilimwamkia, nikakaa. Nikamwambia, "Kaka, nimekuja kuuliza kuhusu mtumbwi wa mwaka 1999." Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema kwamba miaka yote alikuwa akingoja mtu wa nyumba yetu aje. Siku ya maziko alikuwa amekuja na maneno yake mdomoni, alitaka kusimama aombe radhi mbele ya watu. "Lakini mhubiri akasema ni kazi ya Mungu, na wewe ukaanzisha wimbo. Nikaona nikisema ni kazi yangu mimi, nitakuwa nambishia mchungaji."

Nilikuwa nimefikiri lile neno lilimdhulumu mdogo wangu peke yake. Kumbe lilimnyima na mwenye kosa toba yake, akaibeba miaka 14 kama mtu anayechota maji kwenye chombo kinachovuja. Siku hiyo aliomba radhi, nami nikaomba yangu. Mwaka uliofuata alifariki, kwa maradhi, kitandani, akiwa ameungama. Niliongoza kwaya kwenye maziko yake.

Yule kijana wa besi nilimrudia muda si mrefu baada ya usiku ule wa Ayubu, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Hatukuupanga wimbo ule sauti nne, maana ni wa mwenyewe na ulishajitosheleza. Tulitunga wetu, wa maswali matupu, na tunauimba kwenye misiba ya ziwa. Wapo wanaotoka nje tukianza. Mzee wetu hatoki. Huwa anakaa ameinamisha kichwa mpaka mwisho.

Wahubiri wenzangu wa Kirumba, wa Igombe, wa Ukerewe na visiwa vyote: mkiitwa kwenye msiba wa ziwa, kabla ya kusimama, ulizeni kwanza chombo kilikuwa katika hali gani na kilibeba watu wangapi. Na nyinyi wenye mitumbwi mnaonisoma, giza linakaribia. Zibeni pamba mwezi ungali mkubwa, na wapeni vijana jaketi okozi kabla hawajawasha taa.